Ahadi Tuliyoitundika Kwenye Zulia la Kaaba

Wiki iliyopita mama yangu aliniletea mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili, akaniambia nichukue, yeye hana tena pa kukiweka kilichomo. Nilipoufungua, harufu ilinifika kabla ya macho: nafutalini, vumbi la mahameli, na chini yake udi wa zamani, ule wa bei rahisi ambao Mama alikuwa akiuchoma ndani ya kopo la nyanya kwa sababu chetezo kilivunjika safarini walipohama kutoka Unguja. Sikuwa na haja ya kulikunjua. Nilijua ni zulia la Kaaba, na nilijua siku yangu imeshaharibika.

Nanyi mnalijua. Kama hamlijui letu, mnalijua ndugu yake: zulia dogo la ukutani, Kaaba nyeusi katikati, mahujaji wadogo kama punje za mchele, na mashada ya nyuzi za dhahabu pembeni ambayo kila mtoto wa nyumba huyasokota mpaka akakemewa. Letu lilikuwa sebuleni, katika fleti ya kaunsili, nyumba za kupanga za serikali ya mtaa, huko Tottenham, London, ghorofa ya tatu, juu ya sofa. Lilitundikwa hapo kwa heshima, na pia kuficha doa la unyevunyevu ambalo kaunsili iliahidi kuja kulitengeneza tangu mimi sijaanza skuli. Kwa hiyo ukuta ule ulikuwa na mazoea ya ahadi.

Katikati ya miaka ya tisini, baada ya mambo ya siasa kuchafuka nyumbani, alikuja kuishi nasi kaka yake Baba, Ami Seif, pamoja na binti yake Rukia. Rukia alikuwa amefiwa na mama yake na alinizidi mwaka mmoja. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee, na niwaambie ukweli, mtoto wa pekee katika fleti ya London ni mtu anayezungumza na mashine ya kufulia. Rukia alipoingia mlangoni na sanduku lake la bluu, niliona Mungu amenijibu.

Baba na Ami walikuwa ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Walizaliwa mwaka mmoja, Ami akimtangulia Baba kwa miezi. Mama yake Ami alikuwa mpishi katika nyumba ya babu yangu kabla babu hajamuoa. Mama yake Baba alikuwa binti wa watu, mwenye jina, aliyeolewa kwa ngoma na mashada. Haya hayakuwa yakisemwa kwetu. Niliyajua kama watoto wanavyoyajua mambo, kwa kujifanya umelala sebuleni wageni wakiongea.

Ami alikuwa akifagia maofisi alfajiri, na jioni za Jumapili alikuwa wetu. Mama alitukalisha jikoni na sinia tuchambue mchele. Mchele wenyewe ulitoka duka la Wahindi huko Southall, umeoshwa, umepigwa mashine, hauna hata chembe ya mchanga, lakini Mama hakuamini mchele ambao hakuuona ukichambuliwa. Basi tulitafuta mawe yasiyokuwepo, na Ami akitusimulia makhalifa.

Wallahi, sijapata kusikia tena mtu anayesimulia vile. Makhalifa wake walikuwa kama majirani. Sayyidna Umar alibeba gunia la unga mgongoni mwake kumpelekea mama aliyekuwa akichemsha maji matupu ili watoto wadhani chakula kinakuja, na Ami alipofika hapo alikuwa anainama kweli, mkono kiunoni, mpaka tukamwonea huruma. Umar bin Abdulaziz alizima taa ya mafuta ya umma pale mgeni alipoacha habari za nchi akaanza kumuuliza habari za nyumbani kwake. Hii Ami aliigeuza sheria. Umeme wetu ulikuwa wa kununua dukani, na kila Mama alipoanza habari za jirani wa chini na mumewe, Ami alinyoosha mkono akazima taa ya jikoni. Mama angesema gizani, taratibu kabisa, haya washa ewe khalifa, nina kisu mkononi.

Lakini hadithi tuliyoitaka kila Jumapili ilikuwa ya Harun Rashid na wanawe wawili. Hapo Ami alishusha sauti. Walizaliwa mwaka mmoja, alisema. Mkubwa ni Maamun, mama yake mjakazi kutoka Khurasan, aliyekufa mtoto hajamjua. Mdogo ni Amin, mama yake ni Bibi Zubeda, mjukuu wa khalifa, yule aliyechimbisha visima njia nzima ya Hija. Baba yao aliwapenda wote na akawaogopa wote. Akaamua Amin atawale kwanza, kisha Maamun, na asije mmoja akamdhulumu mwenzake. Akawachukua mpaka Makka, akawaingiza ndani ya Kaaba, kila mmoja akaandika ahadi, mashahidi wakasimama.

"Na ahadi ikatundikwa katika Nyumba ya Mwenyezi Mungu," Ami alisema, akikung'uta vumbi la mchele mikononi. "Basi."

Tulimuuliza, halafu? Naye kila mara alijibu: halafu wali ulale motoni. Baba mara nyingi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Hadithi ilipofika hapo alikohoa, akasema mchele ushachambuka, watoto wana njaa. Mimi nilidhani mwenye njaa ni yeye.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Rukia hakufungua sanduku lake. Alikuwa ameshakaa kwetu miezi, tukilala chumba kimoja, tukitumia kitana kimoja na siri moja, lakini nguo zake zilibaki kwenye sanduku la bluu chini ya kitanda. Kila asubuhi alilivuta, akatoa anachokitaka, akakunja vilivyobaki, akalisukuma tena. Nilimwachia droo ya chini ya kabati langu, nikaitandika karatasi nzuri ya zawadi. Ikakaa tupu. Alinieleza bila kulia, kama anayekueleza hesabu, kwamba kila nyumba waliyofikia kabla ya yetu walitolewa, na ukishakuwa umepanga nguo kwenye droo unachelewa kuondoka.

Nilimwambia hapa hamtatolewa. Akanijibu kwamba watu wote husema hivyo. Tulikuwa tunazungumza Kiingereza, kama tulivyozoea chumbani, lakini jambo la mwisho alilisema kwa Kiswahili: atafungua sanduku siku baba zetu watakapoandika kama wana wa Harun Rashid.

Jumapili iliyofuata nikawasimamisha baba zetu sebuleni. Baba alisema hii michezo ya watoto. Ami akasema hapana, mtoto akikuomba ahadi hajacheza. Akatutungia maneno, mimi nikayaandika kwa kalamu ya kijani, na mpaka leo ninayajua kwa moyo: Sisi ndugu wawili, mwana wa mpishi na mwana wa bibi mkubwa, hakuna atakayemtoa mwenzake, wala hatutawatenganisha watoto hawa, mpaka mmoja wao aolewe. Pale kwenye mwana wa mpishi Mama alitazama chini. Ami akacheka, akasema hadithi ni hadithi.

"Tia mkono, Khamis," akamwambia Baba.

Baba akatia mkono juu ya mkono wa Ami. Nikaona vidole vyao vilivyofanana, na nikafurahi. Tukaibana karatasi kwa pini ya ushungi wa Mama, kwenye mashada ya dhahabu, chini kidogo ya mlango wa Kaaba.

Hatujakaa hata chini, ikaanguka.

Ilianguka taratibu, ikalala juu ya sofa kama mtu aliyechoka. Baba akacheka, kicheko kirefu kuliko jambo lenyewe. Ami hakucheka. Rangi ilimtoka, akaiokota, akaibana upya kwa pini mbili, midomo ikimtembea kwa kitu nilichodhani ni dua. Sikuelewa mtu mzima anaogopaje karatasi. Jioni ile Rukia alifungua sanduku. Alipanga nguo zake droo ya chini, soksi upande huu, kanga ya marehemu mama yake upande ule, na tukalisukuma sanduku tupu nyuma ya kabati, mahali ambapo huwezi kulitoa bila kuhamisha kitanda.

Hayo yalikuwa majira ya machipuko. Baridi ilipoanza kuingia, siku moja Ami alikuja skuli katikati ya mchana akamchukua Rukia. Nilimwona kupitia kioo cha darasa akivaa koti, nikamfanyia ishara ya meno, nikidhani anapelekwa kwa daktari wa meno. Naye akanipungia mkono. Nilirudi peke yangu kwa basi, nimeshika mkononi vibanzi vya viazi tulivyokuwa tukila pamoja kila siku, nimemwachia nusu yake.

Kitanda kilikuwa kimehamishwa. Droo ya chini ilikuwa wazi, na ndani yake ile karatasi ya zawadi tu.

Baba alikuwa mezani na nguo zake za kazi, ingawa saa zake za kazi zilishapita. Aliniambia Ami yangu kapata pahala, kaamua kuondoka. Nikamuuliza, na ahadi? Nilinyoosha kidole ukutani, ilikuwa bado ipo na pini zake mbili. Baba hakugeuka kuitazama.

"Muulize yeye aliyeitunga," alisema.

Mama akapika wali siku ile bila ya mtu kuuchambua. Baada ya siku chache karatasi nayo haikuwepo. Nilidhani Mama kafanya usafi.

Ninyi mlio na moyo mkubwa mtanisamehe, lakini nilimchukia Ami kwa chuki safi ya mtoto, isiyo na lakini. Chuki hiyo ikapata hoja miaka michache baadaye, katika maktaba ya mtaa wetu, nilipokuta kitabu kinene cha makhalifa wa Baghdad. Nilikisoma nimekaa sakafuni, mgongo kwenye bomba la joto. Kumbe hadithi iliendelea. Harun alipokufa, Amin alimwondoa kaka yake kwenye hutuba ya Ijumaa, akamweka mwanawe mchanga. Akaagiza ahadi iletwe kutoka Makka, akaichana. Vita vikazuka baina ya ndugu, Baghdad ikazingirwa, na mwisho kichwa cha Amin kikapelekwa kwa Maamun. Na kulikuwa na hili pia, limeandikwa kama jambo dogo: siku ile ya kutundikwa, ahadi ilianguka, na watu waliokuwepo wakanong'ona kwamba haitadumu.

Nilifunga kitabu. Nilichokiona mimi ni kitu kimoja: Ami alijua. Kila Jumapili alijua, na kila Jumapili alitukatia hadithi pale inapopendeza, kusudi tumwamini. Alitufungulisha sanduku kwa hadithi nusu. Nani mwongo kuliko huyo? Tangu hapo kwenye harusi na maulidi nilimpa Ami ncha za vidole, nikapita. Rukia alipopiga simu, nilimpa Mama mkono wa simu. Baba aliyaona yote hayo. Hakuniambia kitu, na mara moja, nilipomgeuzia Ami uso mbele za watu, alinishika bega kwa upole, nami nikadhani ananiunga mkono.

Ami alikuwa amepata kazi na chumba juu ya duka huko Rayners Lane, kwa Mhindi mmoja mzaliwa wa Tanga aliyefurahi kupata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Akaoa tena, akapata watoto wawili wa kiume. Nilikuwa na miaka kumi na minane Mama aliposhikilia kwamba Idi ile twende wote kwake, undugu haukatwi kwa kisu. Nilikwenda nimenuna. Rukia alinipakulia biriani bila kuniuliza nataka nini, akaniwekea viazi viwili, kwa sababu alikumbuka.

Baada ya chakula wale wadogo walimng'ang'ania baba yao hadithi. Ami akakataa, akaona aibu, mwishowe akakubali. Na ni ipi? Ni ile ile. Wana wawili, mwaka mmoja, mjakazi na Bibi Zubeda, visima njia nzima. Sauti yake ilikuwa haijazeeka. Akafika kwenye ahadi kutundikwa, akakung'uta mikono ingawa haikuwa na mchele. Mdogo wa mwisho akauliza kwa Kiingereza, halafu nani alishinda? Halafu wali ulale motoni, akasema Ami.

Nikashindwa kujizuia. Nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mwambie, Ami. Si unaujua mwisho wake?"

Ami alinitazama, na katika macho yake sikuona aibu niliyoitafuta miaka yote ile. Niliona kama ananionea huruma.

"Naujua, mwanangu," alisema. "Lakini si wangu kuusema."

Ndipo Baba akazungumza. Alikuwa kwenye sofa, sahani magotini, hajainua uso.

"Mdogo ndiye aliyevunja," alisema. "Mtoto wa Zubeda. Alituma watu wailete, akaichana. Kaka yake hakuwa na kosa lolote."

Yule mtoto akauliza, kwa nini?

"Aliogopa," Baba akasema. Akaweka sahani chini kwa uangalifu, akatoka hadi ujia wa mlangoni, penye viatu vya wageni. Kupitia mlango nilimwona amesimama katikati ya viatu vyote vile, hajui vyake ni vipi.

Mimi nilikuwa nimekisoma kile kitabu! Neno kwa neno, nimekaa sakafuni: mdogo ndiye aliyevunja. Na bado nikamvika Ami kosa lile, kwa sababu Baba ni baba, na mtoto hasomi jina la baba yake mahali penye jina la mhaini. Ami hakuwa akiikata hadithi ili kutudanganya. Aliikata kwa adabu. Mwana wa mpishi hangesema mbele ya mwana wa bibi mkubwa, na mbele ya mwanawe, nani alivunja.

Yaliyobaki Mama alinieleza kwenye treni, macho yake dirishani, Baba amekaa behewa hilo hilo mbali kidogo, amejifanya kusinzia. Siku ile mchana alikuja mtu wa kaunsili, kadi shingoni, kuuliza wanaoishi ndani ni nani, maana mkataba ulitaja watatu tu, na aliyezidisha watu angeweza kunyang'anywa nyumba. Ami alikuwa sebuleni na chai yake, mlango uko wazi. Baba akamwambia yule mtu kwamba hapa hakuna mkaazi mwingine, huyo ni mgeni, anaondoka leo. Mama alisema Baba angeweza kuomba muda, wenzetu wangapi waliomba wakapewa. Lakini Baba alikuwa mtu asiyesema uongo, alijivunia hilo. Kwa hiyo, ili maneno yake yawe kweli, alifunga mlango, akamgeukia kaka yake, akamwambia aondoke leo. Ami akamaliza chai, akahamisha kitanda. Wiki zile za kwanza yeye na Rukia walilala sakafuni kwa watu. Na yule mtu wa kaunsili hakurudi tena kuangalia. Hakurudi kamwe.

Nilimuuliza Mama, na wewe? Akasema, mimi nini, mume wangu yule. Kisha akaongeza jambo lililonichoma kuliko yote: kwamba Rukia miaka yote alidhani najua, na kwamba nimekubali.

Sasa ni mtu mzima, nina nyumba na mkataba wangu mwenyewe, na ninajua hofu ya bahasha ya kahawia ya kaunsili inayoangukia mlangoni. Hofu ya Baba naielewa. Nikijilazimisha naweza hata kuisamehe. Kinachonikereketa ni kile kimya cha baadaye, na ule mkono wake begani mwangu. Alinitazama nikimchukia mtu asiye na kosa, mwaka baada ya mwaka, na ikamfaa. Mwana wa khalifa aliichana karatasi mwenyewe. Baba yangu aliniachia mimi nimchanie.

Zulia nimelitundika, nitafanyaje, halitupwi. Mashada yake yana matobo madogo ya pini, yamepata kutu. Baba huja siku za Jumamosi, amezeeka, na kila akija huchagua kiti kinachoupa mgongo ukuta ule. Namtilia chai. Hatujawahi kulizungumza.

Na Rukia? Tunapigiana simu sikukuu, tunaulizana watoto, tunacheka kwa adabu. Ameolewa vizuri, ana nyumba kubwa nje ya mji. Mwaka jana katika harusi ya mmoja wa wadogo zake, mumewe alisimama kutoa maneno ya furaha, akawataja wanawake na vituko vyao. Akasema yeye amemnunulia mke wake kabati la milango minne, mbao nzuri, na mpaka leo liko tupu, nguo zake zote anazikunja sandukuni, chini ya kitanda, kama mtu mwenye treni ya asubuhi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilimtafuta Baba kwa macho, meza ya wazee, karibu na Ami. Ami alikuwa ameinamisha kichwa. Baba alikuwa anacheka na wenzake.